Redio ya Baba na Kaburi la Samiu

Otahuhu, Auckland
Jumanne, 9 Juni 2009

Kwa Shangazi Vaisinia, uliye juu yetu sote katika nyumba hii. Kwa Mchungaji, na kwa mkeo aliyekubali kuibeba barua hii mkobani mwake. Kwa Mama yetu mpendwa. Kwa mdogo wangu Pauliasi, mkuu wa nyumba ya Baba. Kwa wajomba zetu wa upande wa Mama. Kwa mdogo wetu wa kike, Fusi, wake wa ndugu, na watoto wote mliokaa nyuma karibu na mlango:

Ninawasalimu kwa heshima, na kwa yule ambaye kalamu yangu imempita, naomba aone kuwa ni ufinyu wa karatasi, si dharau. Shangazi, natumaini baridi ya mwezi huu imeyahurumia magoti yako. Mama, nimeambiwa kwamba tangu Jumamosi hujala ila mchuzi wa samaki, na huo nusu kikombe, nakusihi ule. Pauliasi, habari za viazi vikuu vyako zimefika hata huku, na watu wa kwetu wanaziongezea urefu kila wanapozisimulia. Mimi ni mzima wa mwili. Salome, mjane wa ndugu yetu, yuko mbele yangu anapiga pasi nguo nyeusi za wanawe. Ameniomba niwafikishie salamu zake. Ni chache, kwa kuwa maneno yamemwishia.

Mnajua mlichokusanyikia leo Alhamisi. Mwili wa ndugu yetu Samiu utakuwa njiani mnaposikia haya, na kesho mchana utafika Neiafu, hapo kisiwani kwetu Vava'u. Kabla haujafika lazima pawe na kaburi, na swali lililo mbele yenu ni kaburi hilo lichimbwe wapi. Pauliasi alinieleza msimamo wake kwa simu Jumapili baada ya ibada, nami sitampunguzia wala kumwongezea neno. Alisema, "Dada, nakuheshimu, lakini hilo usiniombe. Akazikwe mwisho wa kijiji, pale tunapowaweka mabaharia waliotupwa na maji. Mtu aliyetunyima sauti ya Baba hawezi kulala ubavuni kwa Baba." Nilinyamaza, naye akadhani nimekubali. Barua hii ndiyo jibu langu. Namwomba Mchungaji aisome yote kwa sauti, hata atakapofika mahali ambapo ataona haya kuendelea.

Wengi wenu mlikuwa watoto wachanga wakati huo, na wengine hamkuwa mmezaliwa, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianzia mbali kidogo.

Baba yetu Taniela aliongoza kwaya kwa miaka thelathini na mmoja. Mwaka 1983, aliporudi kutoka kiwandani huku Auckland, wenzake walishuka melini na majokofu na magodoro. Yeye alishuka na redio kaseti ya kubeba mkononi, yenye spika mbili pana kama sahani na kishikio cha chuma kinachong'aa. Mama alimuuliza kama wanawe watalalia spika. Kila Alhamisi jioni aliibeba begani hadi mazoezini, akazinasa sauti za waimbaji na kuwarudishia makosa yao. "Besi, jisikilizeni wenyewe," alikuwa akisema. "Nguruwe wangu wana adabu kuliko ninyi." Redio ile ilikuwa yake kama mto wa kichwa chake ulivyokuwa wake. Mwiko wa baba mnaujua: makombo yake hatukula, kichwa chake hatukukigusa, na redio yake sisi wanawe hatukuifuta hata vumbi. Aliifuta mwenyewe. Alipokuwa safarini aliifuta Shangazi, maana dada yuko juu ya kaka yake na mwiko huo haumfungi.

Mwaka 1990 koo la Baba likaota uvimbe. Madaktari wa mji mkuu, Nuku'alofa, walimwambia kwamba watampasua, na akishapasuliwa hatasema tena. Aliomba wiki mbili arudi nyumbani kwanza, awanasie wanawe maneno ya kuwaachia. Lakini redio ilikuwa imechoka. Chumvi ya upepo wetu ilikuwa imepenya ndani, na kila kaseti ilitoa sauti nzito ya kujiburuta kama ya mtu aliyezidisha kinywaji cha kava. Samiu alikuwa amerudi kutoka Auckland, alikofanya kazi miaka miwili katika karakana ya redio. Siku mbili kabla Baba hajafika, aliichukua redio ile mchana kweupe, akaiweka juu ya shuka barazani, akaifungua na kuisafisha. Pauliasi alimkuta hapo hapo. Akamwambia, "Kumbe Wazungu ndio waliokufundisha kumpasua baba yako tumbo?" Samiu akajibu kwamba tumbo la Baba ni la daktari, yeye anaondoa kutu tu. Jibu hilo lilizunguka kijiji kizima kabla ya jua kuzama, na halikumletea rafiki.

Baba alirudi, akajifungia chumbani na redio yake tangu asubuhi hadi saa kumi. Kupitia ukuta tulisikia mnong'ono, lakini maneno hatukuyapata. Alipotoka alimkabidhi Mama kaseti moja iliyoviringwa kitambaa, akaagiza ichezwe siku ya kuvua mikeka ya msiba wake, ile tunayojifunga mwilini mwaka mzima wa kuomboleza, wala si kabla. Kuhusu Samiu kuigusa redio hakusema lolote, hakumkemea, hakumshukuru. Alipasuliwa, akaishi kimya miezi miwili, akafariki mwezi wa Agosti. Watu wakajumlisha wenyewe: mwana kavunja mwiko, baba kafa.

Mwaka mmoja baadaye tulikaa kama mlivyokaa leo. Tulikuwa tumevua mikeka ya msiba, Shangazi alikuwa ametutangazia kwamba vitu vya Baba sasa vinagusika, na Mama akaitoa kaseti. Pauliasi akabonyeza kitufe. Tukamsikia Baba akikohoa. Tukamsikia akisema, "Wanangu," akavuta pumzi, akasema, "Samiu." Kisha sauti ikazama, ikalia kama mnyama aliyebanwa, ikakatika. Kupitia kidirisha cha kaseti tuliuona utepe ukijisokota na kujaa. Wapo kati yenu waliosema siku ile kwamba Baba alikuwa anaanza kumlaani, na wapo walionong'ona kwamba huenda alikuwa anaanza kumshukuru. Hakuna atakayejua.

Samiu aliruka kutoka alipokaa. "Usivute!" alisema. "Usivute, kaka, huo unaunganishika! Nipeni wembe na saa moja tu." Pauliasi akamjibu, "Mkono wako umeshatosha," akaung'oa utepe kwa vidole vyake hadi ukakatika vipande. Mimi niliokota kipande kimoja kilichoangukia mkeka wangu. Samiu aliinamia kidirisha kilichokuwa wazi, akakaa ameinama kwa muda, kama mtu anayechungulia kisima. Alipoinuka hakuomba tena wembe. Pauliasi alimuuliza mbele ya ukoo wote ana nini cha kusema, naye akasema hana. Kaseti ikatupwa kwenye moto uliokuwa ukichoma nguruwe wa karamu. Kabla mwezi haujaisha Samiu alikuwa ameondoka, na kwa miaka kumi na minane hakukanyaga Vava'u. Kila Krismasi alimtumia Mama kasha la vitu, na kila Krismasi, yalipotangazwa majina ya waliotoa, jina lake halikutangazwa. Nyama zake za kopo zilikuwa halali kuliwa; jina lake tu ndilo lililotushinda kutamka.

Mwezi uliopita Salome aliniandikia kwamba figo za mumewe zimekataa, na kwamba watu wa hospitali wameanza kuzungumza naye kwa upole, jambo lililomtisha kuliko lawama. Niliomba ruhusa shuleni nikaja. Samiu aliponiona mlangoni alijaribu kusimama. Miguu ilikuwa imemvimba kama magogo, lakini alisimama, akanipisha kiti chake, akaenda kukaa chini mbali nami, kama kaka anavyopaswa mbele ya dada yake. Nilimsihi akae kitini. Alimwambia mkewe, si mimi, kwa heshima hiyo hiyo, "Mwambie Dada kiti hicho kimekuwa kikimngoja."

Kazi yake ilikuwa ile ile. Gereji yake imejaa redio kaseti za zamani kutoka sakafuni hadi darini. Watu wa visiwani waishio huku huzileta wakizikuta kwenye makabati ya wazazi waliokufa. Jumamosi moja alikuja Mzee Feleti na redio yake inayotoka maji. Samiu aliinusa. "Umeiosha na sabuni ya unga, mzee wangu?" Mzee Feleti akakiri, akaongeza kwamba alitia na ndimu kidogo, ilikuwa inanuka. "Ungetia na tui zito basi," Samiu akamwambia, "ukaifunga kwenye majani ukaioka, ukala na muhogo." Walicheka hadi Samiu akashikwa na kikohozi, na Mzee Feleti akampiga mgongoni akisema, "Usife kabla hujaniwekea redio yangu vizuri, mhuni wewe, nimeshakulipa."

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, nami nikajitolea kuwa mikono yake. Alinielekeza kupitia Salome, ingawa tulikuwa hatua nne tu. Alisema kwanza chomoa waya ukutani, toa betri zote, kisha uiache redio ipumzike, kwa sababu umeme hubaki ndani hata baada ya waya kutoka, na unaweza kukurusha. Vumbi aliniagiza niliondoe kwa brashi laini ya rangi, nikisugua kuelekea nje, nisilisukume ndani. Palipovuja betri, unga mweupe ule niuguse kwa siki kidogo kwenye kijiti cha pamba, nivae glavu, nisisogeze uso karibu. Kile kichwa kidogo cha chuma kinachosoma utepe, na ule mpini mwembamba unaouzungusha, vifutwe kwa spiriti safi, pamba moja kwa mfuto mmoja, dirisha likiwa wazi na pasiwe na moto karibu. Spiriti isiguse kioo cha plastiki wala namba zilizochapwa, itazifuta. Kisha subiri ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri. Nilifanya yote. Tulifika kwenye gurudumu dogo la mpira linaloukandamiza na kuuvuta utepe, nikauliza hilo hupakwa nini.

Akasema, "Mwambie Dada lisipakwe kitu. Lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, likauke. Mafuta ni ya ngozi." Nikauliza, nami nilikuwa najua ninachouliza, mafuta yakiingia hapo hutokea nini. Alikuwa akiitazama pamba iliyokuwa mkononi mwangu. Alieleza taratibu kwamba mpira hulewa mafuta, ukavimba, ukateleza, kisha ukanata, na utepe badala ya kupita huuzunguka na kuliwa. Halafu akasema, na safari hii hakupitia kwa Salome, "Lakini watu hawajui, Dada. Asiyejua hana kosa."

Nilipaswa kusema pale pale. Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, mwalimu mkuu msaidizi niliyewafundisha mabinti wa watu kusema kweli, na nilichosema ni kwamba spiriti inaniwasha macho. Siku tisa baadaye, Jumamosi saa tatu asubuhi, ndugu yetu alifariki.

Sasa, Mchungaji, naomba usishushe sauti.

Siku moja kabla ya kuvua mikeka, mwaka 1991, Mama alikuwa ameenda kusuka maua na Pauliasi alikuwa shambani akitafuta nguruwe. Mwiko ulikuwa haujaondolewa. Niliingia chumbani kwa Baba, nikaitoa redio yake chini ya kitanda. Ilikuwa imefubaa, na wageni wangekuja kesho yake kutoka visiwa vitatu. Nilitaka Baba apendeze mbele ya watu. Tulikuwa tumeupaka mwili wake mafuta, mimi na Shangazi, kabla hajazikwa, nayo redio niliiona kama kilichobaki cha mwili wake. Kwa hiyo niliipaka mafuta ya nazi, yale niliyoyapika mwenyewe kwa maua ya mlangilangi, ambayo hakuna mwingine nyumbani aliyekuwa nayo. Nilipaka kishikio, nikapaka spika, nikafungua kidirisha nikapaka na ndani, kila chuma na kila mpira, kwa kidole, kwa upendo, nikiimba. Iling'aa. Niliirudisha chini ya kitanda nikiwa na furaha.

Kesho yake, kile kipande cha utepe nilichookota kiliteleza vidoleni mwangu. Kilinukia. Nilikipangusa kwenye mkeka wangu, nikakikunja, nikakipeleka motoni pamoja na vingine. Nilikuwa nimekaa juu, mahali pa binti mkubwa, na macho yote yalikuwa kwa Samiu. Nilijiambia sina hakika. Nilikuwa na hakika.

Mnaweza kudhani kwamba yeye alikuwa hajui. Hata mimi niliishi nikijifariji hivyo. Jumamosi jioni, baada ya wanaume kuuchukua mwili, Salome aliniketisha jikoni. Alisema mumewe alimweleza mwaka ule walipooana: alipoinamia kidirisha kile alinusa mlangilangi, akajua ni mkono wa nani. Salome alimwita mjinga. Alimwambia, "Wewe ni mwanaume wa namna gani, unafukuzwa kwa kosa la mtu mwingine na unajua?" Samiu alimjibu, "Ulitaka nisimame mbele ya ukoo niseme Dada yangu kavunja mwiko na kuharibu sauti ya Baba? Dada yangu ni Dada yangu." Alimwapisha asiniambie akiwa hai, nisije nikaaibika. Salome alipomaliza aliniuliza swali moja, naye hakuliuliza kwa ukali. Aliniuliza, "Wifi, ulidhani anakungojea nini miaka yote hii?"

Wapendwa wangu, Samiu aliifanya redio ile iseme. Sauti ya Baba iliingia kwenye kaseti safi kwa sababu yake, na ikatoka imekufa kwa sababu yangu. Angeweza kuiunganisha kwa wembe na saa moja. Neno langu moja lingempa saa hiyo, nami sikulitoa. Pauliasi, uliuchana utepe ukiamini unamtetea Baba. Hasira yako ilikuwa ya kweli, ila mimi ndiye niliyekuacha uielekeze kwa asiye na hatia. Usijilaumu zaidi ya sehemu yako. Mama, nimekunyima mwana kwa miaka kumi na minane nikiwa nakuletea chai kila asubuhi. Sijui neno la kukuomba.

Shangazi, Jumatatu ulinikabidhi kwa simu nafasi ya kukaa kichwani pa maiti, niwe mkubwa wa msiba huu, nipokee mikeka mizuri na vitambaa vya heshima kwa niaba ya damu ya Baba. Ninairudisha mikononi mwako kwa magoti yote mawili. Apewe Fusi, yeye hakumkosea. Mimi nitashuka uwanja wa ndege Ijumaa nimevaa mkeka uliochakaa, uliochanika, unaonifunika hadi kichwani, na nitakwenda moja kwa moja kwenye moto wa kupikia pamoja na wajomba na wapishi, mahali pa walio chini kwa mila yetu. Nitachochea kuni na kuosha masufuria hadi siku ya kumi iishe, na asitokee mtu wa kuniinua kwa kunionea huruma.

Pauliasi, unajua kwamba kaka hamkatalii dada yake mkubwa anapodai kama dada. Sijawahi kudai kwako kitu, nilijua sistahili. Leo nadai mara moja, na baada ya hapa sitadai tena. Samiu atalala ubavuni kwa Baba, upande wa kulia, mahali palipokuwa pamewekwa akiba kwa ajili yangu. Mimi nikifa, mwisho wa kijiji panatosha.

Mpokeeni Salome na wanawe watatu kama mke na watoto wa nyumba hiyo, na muwapokee kwa majina. Nawasalimu tena wote, kuanzia Shangazi hadi mtoto wa mwisho, na ninawaombea usingizi. Mchungaji atakapoikunja karatasi hii, naomba msijadiliane tena. Wanaume wasimame waende kuchimba, na Pauliasi ndiye apige jembe la kwanza.

Ni mimi, binti wa Taniela,
Kalisi